Karatasi ya Friji na Kura ya Maharage: Nilivyoweka Sawa Matangazo na Vipaumbele vya Kanisa Letu Mashambani Maine

Kanisa letu ni la Episcopal, yaani Anglikana ya Marekani, na liko mashambani kabisa katika jimbo la Maine, upande ule ambako uchumi ni viazi mviringo na theluji hukaa mpaka Aprili. Jumapili ya kawaida hatujazi hata nusu ya viti. Kasisi tunagawana na makanisa mengine mawili. Nilichaguliwa kuingia halmashauri ya kanisa, nikakabidhiwa matangazo, na matangazo yakanifikisha kwenye vipaumbele, kwa sababu katika kanisa la ukubwa huu mambo hayo mawili hayaachani. Jambo lisilotangazwa vizuri halipati watu, na lisilopata watu halifanyiki, hata liwe limeandikwa kwenye bajeti kwa wino mweusi. Leo kazi hiyo inakwenda, na ninajivunia. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioko Lewiston, Portland na kwingineko ambao nao wamejikuta wamekalia viti vya halmashauri hizi, maana ushauri tuliopewa sisi ulikuwa mbaya na bado unazunguka.

Tuanze na mahali pa matangazo ndani ya ibada. Nyumbani tumezoea katibu asimame na karatasi zake karibu na mwisho, na hakuna anayenyanyuka mpaka amalize. Huku ukisubiri mwisho, Januari, watu wameshavaa makoti na mmoja ametoka kuwasha gari lipate joto. Ukisema mwanzoni, nusu yao bado wako barabarani. Kitabu cha Sala cha 1979 kinaruhusu matangazo ya lazima yatolewe kabla ya ibada, baada ya Kanuni ya Imani, kabla ya matoleo, au mwishoni. Sisi tulichagua kabla ya matoleo, mara tu baada ya watu kupeana Amani: wachelewaji wamefika, wote wako macho, na hakuna aliyeshika funguo. Na hilo neno "ya lazima" tumelichukua kwa uzito. Linalosemwa kwa mdomo ni lile tu linalohitaji mtu afanye kitu ndani ya siku saba zijazo. Mengine yote yanakwenda kwenye karatasi. Mwenye tangazo alete kabla ya Jumatano saa sita mchana, kwa kuwa Alhamisi ndiyo siku ya kuchapa. Akichelewa anasubiri wiki ijayo, hata akiwa mzee wa kanisa. Wiki za kwanza kulikuwa na manung'uniko. Yalikwisha watu walipoona kwamba matangazo sasa yanachukua dakika mbili na kahawa bado ni ya moto.

Sasa huo ushauri mbaya. Kabla sijapewa kazi hii, mshauri mmoja aliyealikwa kutoka mjini alikuwa ameishawishi halmashauri iachane na karatasi. Hoja zake zilikuwa kwamba stempu ni ghali, karatasi imepitwa na wakati, na barua pepe haina gharama. Jarida la kanisa likageuzwa faili la kurasa nane lenye picha nyingi, likawa linatumwa kila tarehe mosi kwa barua pepe.

Lilivyofeli ni jambo la kueleza kwa utulivu, kwa sababu kila kipande kilifeli kwa njia yake. Nyumba zetu nyingi ziko mwisho wa barabara za vumbi ambako intaneti ni ya kusuasua, na faili lenye picha halifunguki. Wazee kadhaa hutumia anwani ya barua pepe waliyofunguliwa na watoto wao, kwa hiyo habari za kanisa zilikuwa zinasomwa na binti aliyeko Florida. Waliofungua kwa simu walikuta kurasa zilizopangwa kwa karatasi kubwa, wakalazimika kuvuta maandishi huku na huku kwa vidole, wakakata tamaa ukurasa wa pili. Kisha, kwa kuwa barua moja ilitumwa kwa anwani nyingi kwa mkupuo kutoka akaunti ya mtu binafsi, mitambo ya barua pepe iliitupa kwenye taka. Na baya kuliko yote ni kwamba asiyepata barua pepe halalamiki. Hajui kwamba kuna kitu amekikosa. Halmashauri ilikaa miezi ikiamini mambo ni shwari.

Kisha ukaja usiku wa maharage. Huku Maine makanisa ya mashambani huchangisha fedha kwa chakula cha Jumamosi jioni cha maharage ya kuoka, na si chakula cha kukurupukia. Ratli moja ya maharage makavu, ambayo ni karibu nusu kilo, hulisha watu sita hadi wanane. Kwa watu themanini unahesabu ratli 12. Unayaloweka usiku kucha. Asubuhi unayachemsha polepole mpaka ukichota machache kwa kijiko na kuyapuliza, ngozi zinapasuka na kujikunja. Hapo ndipo unayahamishia kwenye vyungu, pamoja na robo ratli ya nyama ya nguruwe ya chumvi kwa kila ratli ya maharage, kitunguu kizima, haradali ya unga, na molasi robo kikombe. Molasi isiguse maharage kabla hayajalainika, maana huyafanya yabaki magumu hata ukayaoka siku nzima. Kisha tanuri la moto mdogo, nyuzi 150 za Selsiasi, kwa muda wa saa sita hadi nane, huku mtu akiongeza maji ya moto yasikauke juu. Wapishi wetu walifanya haya yote. Ila tarehe ilikuwa imeletwa wiki moja mapema, na badiliko hilo lilitangazwa kwa barua pepe peke yake. Vyungu vikakaa mezani, ukumbi ukawa mtupu. Waliokuja hawakufika hata robo. Jumamosi iliyofuata, ile ya tarehe ya zamani, magari yaliingia uwanjani mfululizo yakakuta mlango umefungwa. Fedha za chakula hicho ndizo zilizokuwa zinunue mafuta ya kupasha jengo joto ya Novemba. Baada ya hapo hakuna aliyenibishia niliposema karatasi inarudi.

Ila ile ya zamani ya kurasa nane sikuirudisha. Niliandaa karatasi moja tu, pande mbili. Upande wa mbele una mambo ya mwezi: kilichofanyika, kinachohitajika, nani wa kupigiwa simu. Upande wa nyuma wote ni kalenda ya mwezi, kwa herufi za ukubwa wa 16, na haina kazi nyingine ila kubandikwa kwenye friji kwa sumaku. Kila mwezi rangi ya karatasi inabadilika. Njano hafifu mwezi huu, kijani mwezi ujao. Ukiingia jikoni kwa mtu unajua papo hapo kama anayo mpya, na mwenyewe akitazama anajua ile ya njano imepitwa. Ujanja huu hauna gharama kubwa ya ziada, maana karatasi ya rangi hupita bei ya nyeupe kwa kidogo sana, na ndio uliofanya kazi kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Kuhusu posta, watu hunishauri niombe kile kibali cha bei nafuu cha mashirika yasiyo ya faida. Kibali hicho kinadai angalau barua 200 kwa mara moja (au uzito wa ratli 50), na sisi kaya zetu hazifiki mia. Kwa hiyo tunabandika stempu za kawaida. Nunueni zile zisizoandikwa bei, kwani zinabaki halali hata posta ikipandisha, na kupandisha inapandisha. Barua ya daraja la kawaida inaruhusiwa hadi aunsi moja, karibu gramu 28, ambayo ni bahasha na karatasi kama nne. Karatasi moja haina wasiwasi kabisa, na nafasi inayobaki inatosha kutia bahasha ya sadaka ndani. Msijaribu kuikunja na kuituma bila bahasha ili kuokoa. Inatakiwa iwe nzito na ifungwe kwa vibandiko maalumu, la sivyo mashine za kupanga barua huweza kuichana. Mwaka mzima gharama yote ya karatasi, bahasha na stempu haifiki bei ya kujaza tangi la mafuta. Mwenye barua pepe inayofanya kazi tunamtumia pia, lakini maneno yanakuwa ndani ya barua yenyewe, si faili la kufungua.

Kwenye kalenda kila Jumapili imeandikwa ni ibada gani: Ekaristi, ukurasa 355, au Sala ya Asubuhi, ukurasa 75. Waepiskopali wengi hukitambua Kitabu cha Sala kwa kurasa, na namba hizo mbili zinawaambia mara moja kama kasisi yupo. Tulishauriwa tufiche jambo hilo, eti watu wakijua kasisi hayupo watabaki nyumbani. Sikubaliani kabisa. Mtu mwenye kiu ya Ushirika Mtakatifu akiendesha maili ishirini kwenye barafu na kukuta hakuna Ushirika, mara ya pili hatakuja hata kasisi akiwepo. Na anayependa Sala ya Asubuhi, naye yupo, huja kwa makusudi Jumapili hizo. Anayeiongoza ni mlei mwenye leseni ya askofu. Kama mna shemasi, askofu anaweza kumruhusu agawe Ushirika kutoka katika akiba iliyokwisha kuwekwa wakfu, na hilo nalo liandikwe wazi kwenye kalenda.

Mambo ya kutoandika nayo yana uzito wake. Karatasi ya friji huonwa na kila mgeni anayeingia jikoni. Wagonjwa wa kuombewa tunaandika jina la kwanza tu, kwa ruhusa yao, bila kutaja ugonjwa. Safari za watu hatuandiki kamwe. Kusema kwamba familia fulani itakuwa Florida wiki tatu ni kutangaza nyumba tupu.

Tarehe pia zina adabu zake kwa mahali hapa. Wakati wa kuvuna viazi, kuanzia Septemba kuingia Oktoba, baadhi ya shule za kaunti ya Aroostook hufungwa ili vijana waende mashambani, usipange kitu. Machi kuna mkutano mkuu wa mji, na matope yanaanza. Novemba Jumamosi ni za kuwinda paa, kwa kuwa sheria ya Maine hairuhusu kuwinda Jumapili. Tulikuwa tukishindana na wawindaji na kushindwa kila mara. Sasa tunawapikia: Jumamosi ya kufungua msimu, alfajiri kabla hakujapambazuka, ukumbi unatoa mayai, viazi vya kukaanga, mkate na maharage yaliyobaki, kwa sadaka ya hiari. Wengi wao hawajawahi kukanyaga ibada, ila jina la kanisa wanalijua na kwenye mafuta ya joto wanachangia vizuri.

Ibada ikiahirishwa kwa theluji tunatumia mnyororo wa simu. Uamuzi unatoka kabla ya saa moja asubuhi, kila mmoja anapigia watatu. Mnyororo hukatika pale mtu asipopokea, na wengi huishia hapo wakidhani wametimiza. Kanuni yetu ni kwamba usipopokelewa, wale watatu wa mwenzako wanakuwa wako. Na walio mwisho wa mnyororo humpigia aliyeanzisha. Asiposikia kutoka kwao, anajua kuna mahali umekatika na anaanza kuutafuta.

Baada ya matangazo kutulia, ndipo vipaumbele vikawezekana. Yule mshauri alikuwa ametufanyia zoezi la dira na dhamira: karatasi kubwa ukutani, vikaratasi vya kubandika, kalamu za rangi. Kila mtu aandike linalomgusa. Ukuta ukajaa: vijana, muziki, paa, uinjilisti, bustani, tovuti, kengele, upatanisho. Kila kitu kilikuwa muhimu, hivyo hakuna kilichotangulia. Vikaratasi vilikusanywa kwenye bahasha ambayo mpaka leo ipo kabatini. Tulijaribu pia kunyosha mikono kwenye mkutano mkuu wa mwaka. Ilitosha mzee mmoja mwenye ahadi kubwa ya sadaka ainue mkono wake, na wengine wakamfuata.

Kwa hiyo nikatumia maharage. Kila mtu hupewa punje kumi. Mezani kuna vikombe vya kahawa vya karatasi vyenye vifuniko, kila kifuniko kimekatwa tundu la kupitisha punje moja. Vifuniko ni lazima, maana kikombe kilicho wazi humwonyesha mtu wa tano walichochagua wanne wa kwanza, naye anafuata. Mbele ya kila kikombe kuna kadi yenye mambo matatu: jambo lenyewe kwa maneno machache, gharama ya kukisia kwa mwaka, na jina la mtu aliyekubali kulisimamia. Kikombe kisicho na jina la msimamizi hakiwekwi mezani. Kanuni hii peke yake iliondoa nusu ya yale ya ukutani, na iliyaondoa bila ugomvi, kwa sababu aliyekuwa akilitaka sana jambo fulani aliulizwa kwa upole kama yuko tayari kuandikwa. Mtu haruhusiwi kutia punje zaidi ya tano kikombe kimoja. Watoto wanapewa kumi kama wakubwa.

Aina za maharage zilikuwa mbili, na hapo ndipo utamu ulipo. Waumini walipewa yale ya yellow-eye, meupe yenye doa la njano, ambayo ndiyo tunayoyaoka. Majirani wanaokuja kuchukua chakula kwenye ghala letu la msaada, ambao wengi si waumini, walipewa Jacob's Cattle, meupe yenye madoa mekundu. Wao walipiga kura siku ya kugawa chakula, wiki ile ile, kwenye vikombe vile vile. Ukimwaga kikombe unaona kwa rangi nani kataka nini. Walio wagonjwa nyumbani tuliwatumia kadi yenye duara kumi za kutia alama. Msitie punje ndani ya bahasha, kwani bahasha yenye uvimbe haipiti kwenye mashine za posta na hutozwa zaidi. Ieleweke pia kwamba kura hii ni ya ushauri. Anayeamua bajeti ni halmashauri, na kwenye mkutano mkuu wanaopiga kura ni waumini wenye haki hiyo kwa katiba ya kanisa. Tuliliandika jambo hili kwenye karatasi ya friji kabla, ili asije mtu akadai maharage yalipitisha kitu.

Matokeo yalitushangaza sote. Paa, ambalo halmashauri ilikuwa inalizungumzia kila kikao, lilipata kidogo. Maharage ya waumini yalijaa kwenye joto la majira ya baridi. Yale ya madoa hayakwenda kwenye chakula zaidi, kama tulivyodhani. Yalikwenda kwenye usafiri.

Joto tulilishughulikia kwa kuhama. Kuanzia baada ya Epifania, Januari 6, mpaka Jumapili ya Matawi tunaabudu ukumbini, ambako dari ni la chini na chumba hupata joto upesi. Kanisa lenyewe linaachwa baridi. Hili haliwezekani kila mahali, kwa hiyo angalieni. Kwetu kanisani joto huja kwa hewa na maji yanafika kwenye sinki moja tu la sakristia. Fundi bomba alilifunga na kulimwaga, kisha akatia kwenye mkunjo wa bomba ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda na isiyo na sumu. Kama joto lenu linapita kwa maji ya moto kwenye mabomba, msizime. Wekeni themostati isishuke chini ya nyuzi 13 za Selsiasi, la sivyo bomba litapasuka na mtajua siku litakapoyeyuka. Hamisheni divai, maana ikiganda hupasua chupa. Kinanda cha mabomba kitapoteza sauti yake, kwa hiyo mwiteni fundi baada ya jengo kupata joto la kudumu, siyo wiki ya kwanza. Na kabla ya kuhama, iambieni kampuni ya bima kwa maandishi; sera nyingi hudai jengo liwe na joto au maji yawe yamemwagwa.

Tangi letu ni la galoni 275, karibu lita 1,040, na liko nje. Tangi la nje hapa hujazwa mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya kawaida ya joto huwa kama jeli baridi ikizidi. Kila Jumatatu mtu mmoja, mwenye jina lake kwenye kalenda, husoma kipimo. Kikifika robo anapiga simu, hangoji. Chini kabisa kuna tope linaloziba kichujio, na tangi likikauka hewa huingia kwenye mrija, na hapo ni fundi wa usiku kwa bei ya usiku.

Ghala la chakula lilikuwa linafunguliwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, utaratibu ulioigwa kutoka jimbo jingine bila kufikiri. Maine hujaza kadi za chakula za serikali kati ya tarehe 10 na 14, kwa kufuata siku ya kuzaliwa ya mtu. Maana yake njaa yenyewe iko siku kumi za kwanza za mwezi, kadi ikiwa imekauka. Tukahamia Alhamisi ya kwanza, jioni, ili wanaotoka kazini wawahi. Chakula kingi tunapata kupitia Good Shepherd Food Bank ya Auburn, inayohudumia jimbo zima. Viazi tunaokota mashambani baada ya mashine kupita, kwa ruhusa ya mkulima. Visioshwe, viwekwe gizani penye ubaridi, nyuzi 4 hadi 7. Kwenye mwanga hugeuka kijani na kuwa vichungu, na hivyo haturuhusu vitoke. Makopo ya kuvuta kwa kidole tunayatenga kwa wanaolala kwenye magari, ambao hawana kifungulio wala jiko.

Usafiri ndio uliotusumbua zaidi na ndio ninaoupenda zaidi. Majirani hawakukosa chakula tu. Walikosa jinsi ya kukifikia, na jinsi ya kufika kliniki ya figo au miadi ya daktari iliyo mbali. Tuna madereva wa kujitolea, majina na siku zao kwenye kalenda. Kila dereva anatoa nakala ya leseni na ya bima kila mwaka, kwa kuwa ikitokea ajali bima ya gari lake ndiyo inayotangulia, na anapita mafunzo ya dayosisi ya kuwalinda watoto na wanyonge. Hapokei fedha kwa abiria hata akilazimishwa. Anayetaka fidia ya mafuta analipwa na kanisa senti 14 kwa maili, kiwango cha sheria kwa kazi ya hisani, ambacho ni kidogo na wengi hawakidai. Maombi yaje saa 48 kabla. Alhamisi ya ghala madereva wote wako kazini.

Wakongomani wawili watatu walioanza kuja kanisani kutoka kwenye kazi za mashamba walikuwa wa kwanza kujitolea kuendesha. Nasema hili kwa Waswahili wanaodhani hawana cha kutoa kwa sababu Kiingereza chao bado kinasuasua. Leseni, gari zima na subira vinatosha.

Kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye kikombe lakini liko kwenye kalenda kila mwaka. Baridi ikikaza ardhi huganda na makaburi mengi hayachimbiki, kwa hiyo waliofariki Januari huzikwa Mei. Mazishi ya kanisani yanafanyika kwa wakati wake, lakini kuzika kwenyewe kunangoja. Karatasi ya Mei huwa na orodha ya siku hizo, na wiki hizo hatupangi uuzaji wa mitumba wala usafi wa uwanja.

Habari za juu nazo tunaziandika, mistari mitatu minne tu. Askofu Mkuu wa Episcopal, Sean Rowe, alianza kazi Novemba 1, 2024. Kabla ya hapo aliongoza dayosisi ya Northwestern Pennsylvania, na tangu 2019 pia Western New York, dayosisi mbili chini ya askofu mmoja. Mwaka huo huo wa 2024 dayosisi tatu za Wisconsin ziliungana kuwa moja, na zile za Michigan Mashariki na Magharibi zikawa dayosisi moja iitwayo Great Lakes. Watu wetu walikuwa wanaona aibu kugawana kasisi. Wakisoma kwamba dayosisi nzima zinagawana askofu, mazungumzo yanakuwa mengine.

Fedha za nje zipo, lakini ziombeni kwa kitu ambacho tayari kina msimamizi. Roanridge Trust, mfuko wa Kanisa la Episcopal, hutoa ruzuku kwa huduma za vijijini na miji midogo. United Thank Offering, ile ya visanduku vya buluu vya sarafu iliyoanza 1889, nayo hutoa ruzuku. Kadi za vikombe zilinirahisishia sana: jambo, gharama, jina, na idadi ya punje kwa rangi. Maombi nusu yake yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Kwa hiyo pia tunzeni daftari la ibada. Idadi iandikwe siku hiyo hiyo, watoto wakihesabiwa, wa mtandaoni pembeni. Ripoti ya parokia inatakiwa ifike kabla ya Machi 1, na kipimo kinachoangaliwa kwanza ni wastani wa Jumapili. Asiye na daftari hukisia, na anayekisia hukisia chini. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu inatakiwa kwa askofu si baada ya Septemba 1. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, watie saini wote.

Kikombe cha paa kitarudi mezani Januari. Safari hii kadi yake ina bei ya mafundi wawili badala ya makisio, na ina jina: dereva mmoja wa Alhamisi, aliyewahi kufanya kazi ya kuezeka, amekubali kulisimamia.